Tandala Aliyekoroma Msibani

Kale hizo wanyama walimpelekea Tandala majonzi yao, kwa kuwa masikio yake yalikuwa makubwa. Hakumkataa yeyote, usiku wala mchana, wala hakupokea hata jani moja la ujira; akakosa kula na kulala, akakonda mbavu zikahesabika. Siku Fisi alipokuja kumlilia mwanawe aliyekufa, Tandala akakoroma katikati ya kilio.

"Dada Tandala! Msiba wangu ndio wimbo wa kukubembeleza ulale?"

"Nisamehe, ndugu yangu. Si huruma iliyonifikisha hapa, ni kiburi. Nilijifanya Mola asiyesinzia."

Tangu hapo akasikiliza watatu tu kwa siku, kila mmoja na tita lake la majani. Fisi aliporudi, akakuta watatu wametimia.

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Kesho uwe wa kwanza."

Fisi akaondoka akinung'unika, "Siku hizi anaringa huyo!"

Kesho yake Fisi alilia mpaka akamaliza, na Tandala, bila kusinzia, akamwombea mwana marehemu kwa jina lake.