Chaza Aliyefunga

Mtaalamu wa bahari alifungua fomu yake akauliza kama maji yameongezeka joto mwaka huu.

Mama mfugaji wa chaza alimwaga kapu zima mezani, chaza wote vinywa wazi.

"Gonga," alisema. "Aliye hai hufunga."

Mtaalamu aligonga kwa kalamu, mmoja baada ya mwingine, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wameshahama. Harufu ilimtoa machozi. Wa thelathini na ngapi sijui, alifunga polepole na kuibana kalamu.

"Huyu mzima, mama," alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Basi huyo ndiye mwenye shamba," alisema mama, akivua glavu zake za mpira. "Maswali yaliyobaki muulize yeye."