Mtihani wa Marudio wa Lijimol

"Nyoka amekumeza, babu." Lijimol aliishusha kete ya babu yake kutoka nyumba ya tisini na tatu hadi ya kumi na mbili.

Ouseph alinuna. Kadi iliuliza mgonjwa wa kitandani huanza kuchubuka wapi, naye alitaja mgongo akasahau visigino.

"Nilijua. Nilikuwa nakupima wewe."

"Nimefaulu?"

"Umefaulu. Tupa dadu."

Ubao huo wa nyoka na ngazi ulitoka chuo cha uuguzi alikosoma Lijimol. Ukijibu kadi sawasawa unapanda ngazi. Ukikosea, nyoka anakumeza. Lijimol alisema amefeli mtihani wa mwisho, aibu ambayo Ouseph hakuwaambia hata majirani, na sasa anarudia. Akifeli tena, kazi ya uuguzi Maskati ndiyo imekwenda. Basi mzee, mwalimu wa hesabu mstaafu, aliyejisomea usiku hadi akapata shahada, akajitwisha kazi ya kumfundisha.

Kufundishwa yeye, hilo hakulipenda. Mkewe Thresiamma alipopooza upande mmoja, muuguzi wa mtaa alikuja kumwonyesha jinsi ya kumlisha. Ouseph alimsindikiza hadi barabarani kwa hotuba kwamba yeye hafundishwi na mtu.

Mjukuu naye alikuwa mzito wa kuelewa, maskini.

"Babu, mtu kama bibi anageuzwa kila baada ya saa nne, eti?"

"Mbili! Kichwani umejaza nini, machicha ya nazi?"

"Na kumgeuza kwenyewe sikuelewi. Hebu nionyeshe."

Akamwonyesha. Thresiamma, mdomo mzito lakini macho mepesi, aliitazama dari kama mtu anayezuia kicheko kanisani.

"Sasa niandikie. Mwandiko wako mzuri kuliko wangu."

Hilo lilikuwa kweli. Aliandika ukurasa baada ya ukurasa, na chini ya kila mmoja akatia jina lake kamili, ili chuo kijue mwalimu ni nani.

Jumatatu Sista Rosily, mkuu wa chuo, alipita kunywa chai. Alimkuta Ouseph akimlisha mkewe uji wa mchele, kidevu kimeinamishwa, kijiko kidogo kidogo.

"Hivi ndivyo ninavyomfundisha mtoto," Ouseph alisema bila kuulizwa.

Sista akaandika kitu katika daftari. Mzee alimwonea huruma Lijimol, kukaguliwa mpaka nyumbani.

Siku ya matokeo alivaa mundu, shuka yake nyeupe ya kiunoni, iliyopigwa pasi mara mbili, akanunua kisanduku cha vitamutamu vya laddu vya kugawa, akaenda chuoni. Alipitisha macho kwenye orodha ubaoni akitafuta jina moja tu, juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Lijimol hakuwemo. Akamgeukia Sista Rosily, aliyekuja kusimama kando yake.

"Sista," alisema, na sauti ya darasani ilikuwa imemtoka, "mtoto hana kosa. Mwalimu ni mimi. Nilijidai najua."

Sista Rosily alivua miwani, akaipangusa polepole.

"Lijimol alihitimu mwaka jana, mwalimu. Wa kwanza darasani. Hii ni orodha ya ndugu wanaoweza kuachiwa mgonjwa nyumbani." Akaweka kidole kwenye mstari wa saba. "Ouseph, alama themanini na nne. Mwambie sasa anaweza kusafiri kwenda Maskati."