Ngusa Amenuna

Kwenye machimbo ya Kharumwa, mchimbaji aliyepata dhahabu hununa, ili watu wasimwombe hela. Ngusa alirudi kwa mama yake amenuna kwelikweli, kwa sababu tangu masika alikuwa hajaambulia hata chembe.

Majirani wakaja mbio. Mmoja alileta kuku.

“Mama, sina kitu. Nina huzuni tu.”

“Hivyo hivyo, mwanangu,” mama akanong'ona. “Usilegeze uso.”

Baba wa mchumba wake akaingia, akazitazama ndita za Ngusa, akaridhika. “Ng'ombe wa mahari nimewaongeza.”

Ngusa akaona hana njia nyingine. Akajilazimisha kucheka. Midomo iliyokauka ikapasuka, meno yakaonekana hadi magego.



“Masikini,” akasema mzee, akitafuta kofia yake.

Jirani akamchukua kuku wake, ingawa alishanyonyolewa.