Sarafu Juu ya Mtutu

Idella Sizemore alibandua shabaha ya karatasi kwenye dohani la mawe, akaibandika upande wa pili wa sebule, kwenye ukuta wa mbao unaopakana na jiko. Akarudi nyuma, akaiangalia. Imekaa upande. Akainyoosha.

Tangu Delbert afe, kila alasiri alikuwa anaelekeza bastola ya marehemu mumewe kwenye dohani na kufyatua hewa. Risasi zimekuwa ghali mno, na bonde zima siku hizi watu wanafanyia mazoezi sebuleni. Unahakikisha silaha ni tupu, unaweka sarafu ndogo juu ya mtutu, unalenga, unavuta kifyatulio. Tak. Sarafu ikianguka, mkono wako umetikisika.

Mwanzoni sarafu ya Idella ilikuwa inaanguka hadi inabingirika chini ya kabati. Siku hizi haitikisiki hata kidogo. Jirani alipomuuliza dawa ya mkono kutulia, alimjibu, "Namfikiria Verlin Cobb."

Jirani hakucheka. Kisa chenyewe kila mtu anakijua.

Verlin ndiye msimamizi wa usalama kwenye klabu ya shabaha. Jumamosi moja ya mvua, wenzao wakiwa wamekwenda mbele kubadilisha karatasi, Delbert aliinua bastola yake mezani aifute maji. Verlin akapuliza filimbi kama nyumba inaungua, akamburuta mbele ya kamati.

"Lakini ilikuwa tupu," alisema Delbert.

Ilikuwa tupu kweli. Verlin mwenyewe alikuwa ameichungulia.

"Bunduki yoyote ina risasi, mzee wangu, hata ikiwa tupu," alisema Verlin. "Na wewe umeielekeza kwa watu."

Mwenyekiti, Thurman Ashby, aliyewinda paa na Delbert tangu ujana wao, aliinamisha kichwa. Kanuni ni kanuni. Delbert akafukuzwa, na jina lake likakwanguliwa kwenye ubao wa mabingwa. Aliyeandikwa mahali pake ni Verlin. Delbert hakwenda tena hata kanisani. Alikaa akilitazama dohani mpaka theluji ikaanguka, wakamzika. Verlin alikuja mazishini, akala sahani mbili, na mdomo ukiwa bado umejaa viazi akamuuliza mjane ile bastola ataifanyia nini.

Leo asubuhi Idella alimpigia simu. "Njoo uichukue."

Kisha akavaa gauni lake jeusi la msiba. Akafungua silinda ya bastola, pale risasi zinapokaa, akaichungulia mara mbili, kama Delbert alivyomfundisha, akailaza mezani juu ya kitambaa. Pai za tufaha zilikuwa zimeiva, tatu. Mlango wa jiko akaufunga.

"Leo, Delbert," aliiambia picha ya mumewe. "Leo namaliza."

Verlin alipofika, uani hapakuwa na gari lingine ila lake. Idella alikuwa amehakikisha na hilo.

"Mh, harufu hiyo!" alisema Verlin, akikung'uta buti. "Pai ngapi, Bi Idella?"

"Tatu."

"Pai tatu kwa mjane mmoja? Utapasuka!"

"Leo nina njaa."

Verlin akacheka, macho yameshafika mezani. Akaizunguka bastola kama mtu anayezunguka ng'ombe mnadani. Kisha akaona shabaha.

"Mbona umeihamisha?"

"Lile dohani limenichosha macho," alisema Idella. Akatoa sarafu kwenye mfuko wa aproni, akaiweka mezani. "Tena huu mkono wangu, Verlin! Sarafu haikai. Nimeshakata tamaa. Delbert alikuwa anafyatua, inakaa tu."

"Delbert!" Verlin akapiga paja. "Mama wee, samahani kumsema marehemu, lakini mumeo alikuwa na mkono wa kukamulia ng'ombe. Hebu lete hapa nikuonyeshe kazi ya bingwa."

Akainyakua bastola.

"Hujaichungulia," alisema Idella taratibu.

"Niichungulie ya nini? Nani hajui wewe unafyatua hewa? Wanakucheka mpaka dukani."

"Wewe ndiwe uliyetufundisha kuchungulia."

"Nawafundisha nyinyi, Bi Idella. Mimi nimezaliwa nayo mkononi."

Idella akasogea pembeni, akasimama karibu na picha. Akaikunja mikono yake kifuani, ile mikono isiyotetemeka siku hizi.

Verlin akatanua miguu. Akanyoosha mkono, akaiweka sarafu juu ya mtutu kwa vidole viwili, akafumba jicho moja. Mdomo wa bastola ukatulia katikati ya karatasi, kwenye ule ukuta wa mbao ambao ni mwembamba hivi kwamba mtu akikohoa jikoni anasikika sebuleni.

Idella akashusha pumzi.

Tak.

Sarafu haikutikisika.

"Umeona?" Verlin akageuka, uso unang'aa. "Umeona bingwa?"

"Nimeona," alisema Idella. "Tumeona."

Nyuma ya shabaha, kiti kikaburuzwa sakafuni. Mlango wa jiko ukafunguka, akatoka Thurman Ashby, uma bado mkononi, makombo ya pai kwenye masharubu, uso mweupe kama unga. Nyuma yake, sahani mikononi, wakasimama wajumbe wengine wawili wa kamati. Hakuna aliyekuwa anatafuna.

Verlin akaitazama karatasi. Akautazama ukuta. Akaitazama bastola mkononi mwake, na sarafu ndipo ilipoanguka.

"Lakini ilikuwa tupu," alisema.