Mguu Mmoja Mashuani

Somoe, mkunga wa kisiwa cha Chole, alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani ya mashua. Kaka yake aliyehamia Unguja alimwandikia kwamba huko Mdachi hana amri, wala watu hawafungwi kamba wakapelekwa kulima pamba bara. Tangu siku hiyo Somoe hakutulia. Hata akipika, roho ilikuwa Unguja.

Ndipo akamwona binti wa jirani yake akija topeni, kashika tumbo, doti yake imelowa. Mumewe alikamatwa na askari juzi.

"Mama Somoe, unaniacha na nani?"

"Panda, bibi, maji yanakupwa!" nahodha alifoka.

"Basi tumchukue na huyu."

"Azalie chomboni mwangu? Hapana."

Somoe alimshika binti tumbo, akalisikia likikaza kama jiwe chini ya kiganja. Akayakumbuka matumbo mengine matatu pale kijijini, ambayo miezi yake aliijua yeye tu.

"Mwambie kaka yangu nitakuja," alisema, akiutoa mguu.

"Lini?"

Somoe alikuwa ameshavua kanga ya juu, anaitandaza mchangani.