Waya wa Kijani

"Iache hiyo pampu," Uweis alimwambia fundi. "Haikumuua ndugu yangu. Aliyemuua yuko ndani, nyuma ya pazia."

Kaingu Mwambire akatoa bisibisi. Alikuwa amechuchumaa uani na boksi lake la vyombo, ametoka Gede kwa pikipiki asubuhi ile, na tangu aingie hajapewa hata salamu, sembuse kiti. Lakini hakuitwa na Uweis. Aliitwa na mjane, Zuleikha, ambaye alipewa namba ya simu na jirani: fundi wa umeme mwenye leseni, na tena msema kweli. Zuleikha alikuwa edani, hatoki mbele ya wanaume, basi shida yake aliieleza kutoka nyuma ya pazia la mlango.

Maelezo hayakuwa marefu. Siku ishirini zilizopita aliosha ua. Mumewe, Ishaq, akatoka peku kwenda kuzima pampu ya maji. Akaishika, na hakuiachia tena. Matanga hayajaisha, kina Uweis wakawa wameshakata shauri: mwanamke kamwaga maji ovyo, kamuua ndugu yao. Eda ikiisha aondoke, na mwanawe Sumeiya, wa miaka minne, abaki kwa baba zake wadogo. Zuleikha alitaka kujua jambo moja tu. Ni yeye, au ni umeme?

"Mtoto halelewi na muuaji," Uweis alisema, na akahakikisha amesikika mpaka ndani.

"Bwana, nawe tupishe tufanye kazi," Mwambire alisema.

Alizima swichi kuu, akaifungua soketi ya pampu. Alichokiona hakikuhitaji miwani. Waya wa kijani, ule wa kuupeleka umeme ardhini unapovuja, ulikuwa umekatwa mfupi na kukunjwa nyuma, haukugusa chochote. Akaenda penye mita, akachimba chini ya ukuta pale ambapo fimbo ya shaba ya waya huo hufukiwa. Alichimba mpaka mkono ukazama kiwikoni. Mchanga mtupu. Halafu akawasha umeme, akaigusa pampu kwa testa, na kitaa cha testa kikawaka. Chuma chote cha pampu kilikuwa na umeme.

Akamweleza Uweis polepole, kama anavyofundishwa mtu asiyetaka kujua. Pampu zote za pwani huoza ndani kwa chumvi, hilo si ajabu. Zikioza, umeme huvuja, hupita kwenye waya wa kijani, na swichi hujizima yenyewe. Hapa umeme haukuwa na njia, ila mwili wa mtu. Hata ua ungekuwa mkavu, pampu ile ingekuja kumuua mtu, leo au kesho.

Nyuma ya pazia Zuleikha alilia. Siku ishirini alijizuia, leo akashindwa, na mtoto akasikika akimuuliza mama una nini. Mwambire alimwonea huruma kwelikweli. Na, tuseme haki, alijiona mwanamume.

Uweis hakulegea. Nyumba hii, alisema, aliijenga yeye na marehemu, na ilikaguliwa. Umeme hauletwi nyumbani mpaka mwenye leseni aje akague waya kwa waya, kisha atie sahihi. Karatasi anayo. Basi huyu fundi wa leo ajua nini kumshinda huyo? Au mwanamke kamwahidi kitu, ili aje kumtakasa?

Mwambire akainuka. Alivumilia mengi, lakini hilo hapana. Akaitapika siri ya kazi yao mbele ya watu: kwamba nyaya huvutwa na mafundi wasio na leseni, kisha fomu ikapelekwa kwa mwenye leseni, naye amekaa kibandani anakunywa chai. Huiweka juu ya goti, akatia sahihi, wala haulizi nyumba iko wapi. Alisema kwa uchungu wa mtu aijuaye vizuri biashara hiyo.

"Aliyetia sahihi hakufika hapa," alisema. "Angefika, angeuona waya huu kama nilivyouona mimi. Muuaji ni huyo, si shemeji yako. Niletee hiyo karatasi. Nitaandika jina lake na namba yake ya leseni, na nitasimama popote, kwa kadhi au polisi."

"Utaandika kweli?" Zuleikha aliuliza nyuma ya pazia.

"Nitaandika, dada."

"Hata wakikutisha? Mimi sina mwingine wa kunisemea. Nikimkosa Sumeiya, sina kitu."

"Hata wakinitisha. Mtu kama huyo hafai kuonewa haya. Afungwe."

Uweis akaenda kwake, mlango wa pili, akarudi na bahasha ya kaki. Hakuwa Uweis yule wa mwanzo. Alikuwa na mtu mpya wa kumchukia, na chuki hii ilimwenea vizuri zaidi, kwa kuwa huyo hamjui, na shemeji yake alikuwa amekula naye sahani moja miaka sita. Akaitoa karatasi, akaikunjua. Mwambire alikuwa ameshatoa kalamu na kitabu chake cha ripoti, amekiweka juu ya goti.

"Haya, andika," Uweis alisema, kidole kikifuata mstari wa chini kabisa. "Kaingu Mwambire. Fundi wa Gede."

Akainua macho.

"Wamjua?"