Bua la Mpapai

Kabla ya alfajiri, ukuta wa jikoni kwa Bi Zamda ulivuma taratibu. Nyuki wadogo wasiouma walikuwa wakiamka humo.

Asubuhi Fundi Makame alifika na ndoo ya saruji.

"Mwanao kasema niuzibe ukuta huu wote, bibi."

"Na wenzangu hawa watatokea wapi?"

Fundi aliutazama mlango mwembamba wa nta wa nyuki hao, uliochomoza ukutani. Akakata bua la jani la mpapai, lenye uwazi ndani, akalivika juu ya mlango huo, kisha akapiga lipu kulizunguka.

Nyuki waliorudi na chavua miguuni walizunguka hewani, hawapatambui. Bibi na fundi wakasubiri. Mmoja akatua mdomoni mwa bua, akachungulia, akaingia.

"Kesho uje tena, mwanangu," Bi Zamda alimwambia fundi. "Uje mapema, tuwasikilize wakiamka."